Samaki Nyuma ya Ukuta wa Jiko

Uso wa baba mkwe wangu niliuona kwa mara ya kwanza akiwa ndani ya jeneza, mwezi uliopita, nyumbani kwake Nkunga. Foleni ya kutoa heshima za mwisho ilisogea taratibu chini ya turubai, mvua ikipiga juu, na mimi nilikuwa nimejifunika kitenge hadi kwenye nyusi kwa mazoea. Nikajiambia, sasa hawezi kukuona, mtazame. Nikamtazama. Alikuwa na masikio makubwa kuliko nilivyodhani, kovu dogo kwenye kidevu, na mdomo uliofumbwa sawasawa. Niliishi kwenye ua wake karibu mwaka, tukala chakula cha moto mmoja, nikakijua kikohozi chake na mlio wa kijiko chake kwenye kikombe, lakini lile kovu nilikuwa silijui. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto hamtazami baba wa mumewe, hasemi naye, hakai naye chumba kimoja, wala halitaji jina lake. Ndiyo kutila. Vijana wa leo wanacheka, wanapiga picha na wakwe zao harusini wameshikana mabega. Hata wakati nilipoolewa wengi walikuwa wameshaacha, lakini yeye, pamoja na kuwa mzee wa kanisa, aliishika, na mimi nililelewa na bibi aliyeishika, kwa hiyo tukaishi hivyo hivyo, kila mtu upande wake. Jina lake nalijua. Hapa siliandiki.

Tulipotoka kuzika nilikaa na wanawake wenzangu kwenye migomba nyuma ya nyumba, tunamenya ndizi za kupikia waombolezaji. Lusajo akanijia hapo. Ndiye aliyekuwa mume wangu. Suti nyeusi, miwani, tumbo la mtu anayekula akiwa amekaa. Akanisalimia vizuri, akauliza watoto wangu, nikauliza wake. Kisha akasimama kidogo akiangalia ile stoo ya zamani, ambayo sasa imeinama upande mmoja, akasema, "Hivi wale samaki wangu, ilikuwaje mpaka wakaisha?" Aliuliza kama mtu anayeulizia jembe aliloazimisha. Nilikuwa na kisu mkononi na ndizi imemenywa nusu. Nilimjibu kwa neno moja tu, naye akaridhika. Tangu siku hiyo sijalala vizuri, na ndiyo maana naandika.

Wakati ule Lusajo alikuwa anafanya kazi Dar es Salaam, kwenye duka la samaki wa mapambo. Tulikuwa na miezi michache tangu tuoane, na mimi nilikuwa nimebaki Nkunga kwa wazazi wake, nikisubiri apate chumba cha kututosha wawili. Mara baada ya mwaka mpya akashuka kwenye basi akiwa amekumbatia boksi la maboya, lile jeupe la kuwekea samaki wa kula, na ndani yake mifuko ya nailoni iliyofura maji na hewa. Mama mkwe alidhani ni kitoweo. Walikuwa samaki wadogo wa kahawia, urefu wa kidole, na ukiwatazama jua likiwapiga ubavuni unaona kijani kidogo. Lusajo alitueleza kwamba wale wenye mikia mirefu kama gauni la bibi harusi, wanaoitwa faita, ndio wanaonunuliwa na watu wasiojua. Hawa walikuwa ndugu zao wa porini, wa vijito vyeusi vya huko Asia, wanaotakiwa na watu wachache wenye hamu nao. Dar hawakuzaa kwa sababu maji ya kule ni magumu. Wanataka maji laini ya mvua, na majani makavu yaliyolowa hadi maji yakawa na rangi ya chai. "Sasa mvua na migomba," aliniambia akicheka, "tuna nini kingine hapa Rungwe?"

Jambo alilonionyesha jioni ile ndilo lililoniteka. Dume wa samaki hawa ndiye anayeatamia, tena mdomoni. Jike anayaokota mayai moja moja na kumtemea dume, dume anayadaka, anayaweka kinywani wiki mbili hivi, hali kitu, mpaka yawe vifaranga vinavyojua kuogelea. Lusajo aliigiza kwa punje za mahindi: yeye ananirushia, mimi nadaka kwa mdomo, tukacheka hadi Mama akaita kutoka chumbani kuuliza tuna nini. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Niliamini kwamba mwanamume anayependa kiumbe kama kile hawezi kuwa mwongo. Alipoondoka alituahidi mbele ya mlango wa jiko, mimi na Mama tukiwa ndani na baba yake akiwa nje: "Wakizaa, wakakua vifaranga hata ishirini, nakuja mwenyewe kuwachukua, na mke wangu namchukua safari hiyo hiyo." Hiyo ndiyo ahadi niliyoibeba miezi yote iliyofuata.

Jiko letu lilikuwa chumba cha matofali mabichi kilichoshikana na stoo, ukuta mmoja katikati. Mafiga yalikuwa yameegemea ukuta huo, kwa hiyo moto ukiwaka kutwa, upande wa stoo ukuta unakuwa vuguvugu kama mgongo wa ng'ombe. Lusajo alipanga vyombo vyake hapo: tangi moja la kioo, mitungi ya pipi aliyoiomba madukani Tukuyu mjini, na mabeseni. Kila kimoja kilikuwa na kifuniko, kwa sababu samaki hawa wanapanda juu kuvuta hewa, na hewa ya baridi inawaua. Kazi ya kuwatunza ilimwangukia baba yake, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kufuga kitu kisichotoa maziwa. Alihamishia kigoda chake stoo, katikati ya magunia ya mahindi na harufu ya mafuta ya taa, akawa anakaa humo kutwa. Mimi nilikaa jikoni na moto. Ukuta tu.

Hapo ndipo tulipoanza kusema bila kusema. Siku ya kwanza nilimsikia akiwaambia samaki, kwa sauti ya kanisani, "Leo mnaona baridi, poleni sana." Nikaongeza kuni. Baada ya muda akawaambia, "Sasa ndaga, asanteni. Inatosha." Nikapunguza. Kesho yake akaulalamikia mtungi kwamba wadudu wameisha, nami nikachukua kitenge chakavu na ndoo, nikashuka bondeni kwenye madimbwi kuchuja viluwiluwi vya mbu na vile vidudu vinavyorukaruka ndani ya maji. Nikirudi naweka kikombe mlangoni mwa stoo, nagonga, naondoka. Nikitaka kuuliza kitu, nauliza sufuria. "Sufuria wewe, wale wa ng'ambo wamekula?" Upande wa pili anakohoa, kisha anamweleza dume habari za dume mwenyewe. Mama alikuwa akitupita na kapu lake la chai, akitikisa kichwa. "Gwe mkamwana," aliniambia, "nyumba hii ina wazimu wawili, na mimi ndiye ninayewapikia." Lakini si yeye aliyepika, ni mimi, na alilijua hilo.

Wakati wa mvua kubwa dume mmoja akaacha kula, kidevu kikamvimba. Baba akawatangazia mitungi kwa furaha. Siku ile tulikula mbalaga, ndizi zilizopikwa na nyama, na nilisikia kijiko chake kikikwangua sahani, jambo ambalo hakuzoea kulifanya. Siku chache baadaye Mama akasogeza kinu hadi kwenye ukuta wa stoo, chini ya mapaa pasiponyesha, akatwanga karanga za mboga. Hakuwaza lolote, kinu kilikaa hapo kila mvua iliponyesha tangu aolewe. Jioni dume akakimbilia chakula kama aliyetoka kifungoni. Mdomo ulikuwa mtupu. Lusajo alipopigiwa simu akaeleza kwamba dume akishtushwa na kishindo anameza. Anawameza wanawe mwenyewe, kwa woga tu. Tangu hapo kutwanga kukapigwa marufuku nyumbani kwetu. Karanga zetu, mtama wetu, kila kitu kilipelekwa kutwangwa kwa jirani, na majirani wakasema mengi. Wengine walisema mzee amefuga mashetani ya mtoni. Yeye, mtu wa kusimama mbele ya kanisa na kusoma matangazo, alikubali kusemwa. Kinu kikageuzwa kichwa chini, kuku wakawa wanalala juu yake.

Uzao wa pili ulitoka mvua zilipokuwa zinaisha. Vifaranga kadhaa, kila kimoja kama uzi wenye macho mawili. Sikuviona mimi, nilisimuliwa kupitia ukuta. "Ninyi ni wengi kuliko wana wa Yakobo," niliwasikia wakiambiwa. Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikalia, kwa sababu simu ya Lusajo ilikuwa imeanza kutopatikana. Kwanza siku mbili tatu, kisha wiki. Nilijiambia mtandao, chaji, kazi nyingi. Mtu anayesubiri ni fundi wa sababu. Kisha ukungu ukaja, ule wa Juni na Julai, unaoingia asubuhi hadi ndani ya blanketi na hautoki hadi mchana, na kazi yangu ikawa moto tu. Kuni zilikuwa mbichi, zinatoa moshi kuliko joto. Nilikohoa hadi mbavu zikauma. Upande wa pili vifaranga vikaanza kufa. Baba alikuwa haniambii; alikuwa anakaa kimya, na kimya chake nilikielewa. Nasikia kifuniko kinafunguliwa, maji yanamwagwa nje, kifuniko kinafungwa. Mwisho wa Juni hakikubaki hata kifaranga kimoja. Walibaki wakubwa watatu, na mmoja wao, dume, akaacha tena kula. Nikaona matumaini yangu yote yamo ndani ya kile kidevu.

Siku moja mchana, Mama akiwa ameenda msibani Suma, simu ya Baba ikaita huko stoo. Ilikuwa inashika mtandao karibu na dirisha, mbali na ukuta wangu. Nikasikia anajibu, kisha nikasikia kigoda kinavutwa, kinaletwa hadi ukutani, na sauti ya simu ikafunguliwa yote. Lusajo alikuwa anaongea. "Baba, mwambie tu asinisubiri. Huku nina mtu, na mtoto yuko njiani." Mzee akasema, "Nani amwambie? Mimi siwezi kusema naye, unajua." Lusajo akasema basi Mama amwambie. "Mama yako nitaongea naye kwa wakati wangu. Wewe sema. Sikusikii vizuri, rudia." Lusajo akarudia. "Mtandao mbaya, mwanangu. Rudia kwa sauti." Mtandao haukuwa mbaya, mimi niliyekuwa nyuma ya tofali nilisikia hadi honi za magari ya Dar. Akamfanya arudie mara ya tatu, kijana akipaza sauti sasa kwa hasira: harudi, asisubiriwe, aende kwao. Kisha simu ikakatwa. Maharage yakaendelea kuchemka. Hatimaye mzee akawaambia samaki wake, polepole, "Haya. Mmesikia wenyewe." Nikaiambia sufuria, "Tumesikia." Hayo ndiyo mazungumzo makubwa niliyowahi kufanya na mwanamume yeyote, na hatukuonana hata kivuli.

Mtu mwenye akili angefunga mzigo wake siku ileile. Lufingo kwetu si mbali, na mama yangu alikuwa ameshatuma neno mara mbili kwamba kama mume haonekani nirudi. Sikurudi. Niliendelea na moto. Nilikuwa nimejishikiza kwenye lile neno la mlangoni: wakizaa, wakakua, nakuja. Nilijiambia kwamba Lusajo amesema kwa hasira, kwamba akisikia vifaranga wapo moyo utamrudi, kwamba hayo ya mtoto yuko njiani ni maneno ya kumtisha baba. Nilijua ni uongo na bado nilikuwa naukoleza kama nilivyokoleza moto. Nilikata kuni kwenye ukungu, nikashuka bondeni kuchuja vidudu ingawa dume alikuwa hali, nikaacha kula mwenyewe. Niliona kama ninamuunga mkono yule dume. Mama alipokuwa akiniuliza kwa nini nimekonda namna ile, nilimjibu, "Dume amebeba, Mama." Alinitazama sana. Nyuma ya ukuta kigoda kikalia, na nikajua kuna mtu amesikia jibu lile.

Siku mbili hivi baadaye, asubuhi, mimi na Mama tulikuwa kwenye kashamba ketu ka chai chini ya nyumba, tunachuma, hatuonani vizuri kwa ukungu. Tukasikia kinu. Mama akaacha kuchuma. "Nani anatwanga kwangu?" Hakukuwa na mtu nyumbani isipokuwa mzee. Mlio wenyewe haukuwa wa karanga wala mtama. Ulikuwa mkavu, mti juu ya mti, kinu kitupu. Tukapanda mbio. Mimi nikasimama kwenye pembe ya jiko, nikashusha kitenge usoni, na chini ya upindo wake nikaona buti mbili za mpira na kitako cha kinu kilichosukumwa hadi kugusa ukuta wa stoo. Kinu kilikuwa kinaruka kila mchi ulipoanguka. Mwanamume wa Kinyakyusa hashiki mchi. Mzee wa kanisa, ndiyo kabisa. "Baba Lusajo, una nini?" Mama aliuliza, kisha akamkumbusha: "Dume amebeba." Mzee akaendelea kutwanga hadi pumzi ikamwishia. Kisha zile buti zikageuka, zikaelekea ukutani, na akausemesha ukuta, maneno yakikatika: "Humu ndani hakuna cha kusubiriwa tena. Moto uzimwe. Mwenye kwao aende kwao angali na nguvu, asife kifua kwa ajili ya samaki wa mtu." Mama akaketi palepale kwenye matope. Nadhani ndipo alipoelewa habari za mwanawe, bila kuambiwa.

Niliingia jikoni, nikatenganisha kuni, nikazimwagia maji. Moshi ulipanda, nikausimamia hadi ukaisha. Ukuta ulichukua muda kupoa; niliweka kiganja hapo mara kwa mara, sijui kwa nini. Asubuhi iliyofuata, mzigo wangu ukiwa mlangoni, nikarudi kuaga mafiga. Nikayaambia yabaki salama, nikayaambia ndaga fijo, asanteni sana. Upande wa pili mzee alikuwepo, nilikisikia kigoda. Kisha akauambia mtungi wake, kwa sauti ambayo haikuwa ya kanisani, "Dume amekula." Nikashika njia ya Lufingo.

Watu huniambia nilipona, kwa sababu niliolewa tena, nikazaa, na nina duka dogo la vitambaa Tukuyu. Sikupona. Niliendelea tu. Kuna kitu kilipoa mwaka ule na hakuna moto uliokifikia, na mume wangu wa sasa, ambaye ni mtu mwema, anakigusa mara nyingine kwa bahati mbaya na kuondoa mkono. Baba mkwe nilimwona mara mbili sokoni, yaani niliona koti lake kwa mbali, na mara zote mbili nikaingia duka la viatu hadi akapita. Tulikuwa hatudaiani kutila tena. Mimi nilikuwa nampa tu, maana sikuwa na kingine cha kumpa. Huwa nafikiria mikono yake kwenye ule mchi. Huwa nafikiria wale wakubwa watatu ndani ya mitungi inayopoa, na yeye ameketi nao, anawatazama wakipanda juu kuvuta hewa ya Julai, mmoja mmoja, mpaka mwisho. Alikuwa amewapenda. Hilo Lusajo hakulijua na hatalijua.

"Hivi wale samaki wangu, ilikuwaje mpaka wakaisha?" aliuliza siku ya mazishi, miwani ikiwa na matone ya mvua.

"Baridi," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. Akasema alijua tu, kwamba mzee hakuwa mtu wa kujali vitu kama vile, afadhali yeye angewaacha kwa watu wengine. Nikaendelea kumenya ndizi. Nyuma yetu, chini ya mapaa ya stoo, wasichana walikuwa wanatwanga karanga za waombolezaji, kinu kimegusa ukuta, na hakukuwa na mtu wa kuwakataza.